Vyungu vya Maharaja

Hansa alinipigia simu siku ya kumi baada ya maiti ya nyanya yake kuchomwa kwa desturi ya Wahindu, akaniomba nikamsaidie kupanga vitu vya marehemu. Mama Kanta alikuwa amefikisha miaka tisini na sita, na mtu akiishi hivyo, vitu vyake huwa vingi kuliko jamaa zake. Magoti yangu siku hizi yana maoni yao kuhusu ngazi, lakini nilipanda basi kutoka Northfield hadi Selly Oak, humu humu Birmingham, nikazipanda na zile ngazi nyembamba nilizozizoea nikiwa msichana. Nilimkuta Hansa amekaa sakafuni katikati ya sari na miwani ya zamani, ameshika picha yenye fremu ya mbao. Ndani yake alikaa mwanamume mnene mwenye kilemba, lulu zimemjaa kifuani, mkono mmoja juu ya upanga, akitutazama kama watu waliochelewa kulipa kodi. "Auntie Wakesho, huyu ni nani?" akauliza. "Is he family? Ilikuwa ndani ya suitcase ya Ba, ya nyanya, chini kabisa. Dad nimemuuliza, lakini Dad hakumbuki kitu siku hizi." Nilicheka kwanza, halafu nikalia. Hansa, ambaye anakaribia miaka sitini na ni daktari wa meno anayeogopwa, alinishika bega bila kujua amfanyie nini mzee anayelilia picha ya mtu mnene. Nilimwambia si jamaa yao, ni picha iliyokuwa mali ya Masterji, yule mwalimu aliyepanga humu. "Masterji wetu, mwenye yale masikio? But chumbani kwake sikuwahi kuingia," akasema, akashuka kuchemsha chai. Niliposikia maji yakifunguliwa kule jikoni, mwaka mzima wa 1971 ulinirudia.

Nilivyotoka Taita na kufika Uingereza kusomea uuguzi nitayaacha, maana nimeshayasimulia mpaka wanangu wanayakariri kunicheka. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilikuwa nimechoka na bweni la wanafunzi wauguzi, ambako kabichi ilichemshwa tangu asubuhi hadi ikasahau kuwa ilikuwa mboga. Tuliruhusiwa kupanga nje, ila kupata chumba lilikuwa jambo jingine. Kwenye simu chumba kilikuwepo. Nikifika mlangoni na uso wangu, kimeshachukuliwa. Jumamosi moja ya Februari nilikuwa dukani kwa mboga, High Street ya Kings Heath, nimebeba vitunguu viwili na hasira ya mlango wa tatu siku hiyo, nikasikia mtu nyuma yangu akisema kwa sauti, "Hii bilingani iko mzee kuliko mimi!" Nilicheka hadi vitunguu vikaanguka. Alikuwa mama wa Kihindi, mfupi, amevaa koti la kiume juu ya sari na soksi za sufu ndani ya viatu vya wazi. Alinikazia macho. "Wewe nacheka nini? Wewe natoka wapi?" Nikamwambia natoka Voi. "Voi! Mimi napita Voi na treni mara mingi. Iko moto sana." Yeye alitoka Nakuru, walikuwa wamefika miaka mitatu nyuma pamoja na mwanawe Bharat, mke wa Bharat na mjukuu mmoja. Tulisimama pale tukizungumzia joto la Voi kama watu wanaomzungumzia ndugu aliyewaudhi na sasa wanamkumbuka. Kabla hatujaachana akaniambia ana chumba kitupu juu, dirisha lake halifungi vizuri, na kama sipiki nyama ndani ya nyumba yake naweza kuja kesho.

Ile nyumba ilikuwa na vyumba vitatu juu, viwili chini, na choo uani ambacho asubuhi ya baridi kilimtaka mtu aende na imani. Treni zilipita nyuma ya ukuta, na upepo ukitoka Bournville, penye kiwanda cha chokoleti, ulileta harufu yake ikachanganyika na ya bizari jikoni. Maisha ya nyumba yalikuwa kule jikoni, karibu na hita ya mafuta ya taa, na chai ya Mama Kanta yenye tangawizi iliyokwaruza koo. Rafuni kulikuwa na vikombe vya stili, vinang'aa, vimepangwa. Asubuhi yangu ya kwanza Mama alimmiminia kila mtu chai ndani ya vikombe hivyo, halafu akaenda dirishani, juu ya sinki, akachukua kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu, akanimiminia mimi. Nilikijua kikombe kile. Mtu yeyote aliyewahi kuingia jikoni kwa Wahindi wa reli kule Voi kupitia mlango wa nyuma alikijua: kikombe cha boi, kinachokaa peke yake na kuoshwa na mwenyewe. Niliona aibu, na niliona hasira, halafu nikanywa, kwa sababu nje kulikuwa na theluji na milango mitatu. Na chai ilikuwa nzuri. Hilo nalo lazima niliseme, kwa kuwa Mama alinipa kikombe cha boi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaniwekea blanketi lake mwenyewe kitandani bila kuniambia. Miaka mingi nilijaribu kuamua ni mkono upi ulikuwa wake hasa, nikashindwa.

Mpangaji mwingine alikuwa Mwalimu Jivan, ambaye Wahindi wote walimwita Masterji. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mwembamba, masikio makubwa, koti lenye chaki mfukoni. Alikuwa amefundisha Kigujarati na hesabu kule Kisumu maisha yake yote, na alipofika Birmingham akakuta watoto wa Kihindi wanaosoma Kiingereza tu na hawawezi kuandika jina la nyanya zao. Kwa hiyo kila Jumamosi saa nne Mama Kanta alimwachia chumba cha mbele. Watoto kumi na wanne walikaa sakafuni na vibao, na nyumba nzima ikaimba herufi. Mama mwenyewe hakujua kusoma. Barua za dada yake Jamna zilipofika kutoka India, zile za karatasi nyepesi ya buluu, alivaa sari safi, akamkabidhi Mwalimu barua, akakaa mbele yake mikono mapajani kama mtu anayepigwa picha. Mwalimu alisoma kila barua mara mbili. Mara ya kwanza Mama alisikiliza habari, na mara ya pili alimsikiliza dada yake. Bharat, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha magari Longbridge, alijua Kiingereza cha shule na hesabu za kiwandani, lakini herufi za mama yake zilimshinda kabisa.

Picha ya yule mtu mnene ilining'inia chumbani kwa Mwalimu, juu ya kitanda. Niliiona Jumapili moja nilipompelekea dawa ya kikohozi. "Ni babu yako?" nikamtania. "Zaidi ya babu, binti," akasema, na akaniambia nikae. Alikuwa Maharaja wa kwao, magharibi ya India, zamani za utoto wa baba yake. Mwalimu alinieleza kwanza kwamba kwao watu huzaliwa kwa matabaka, na chini ya matabaka yote kuna watu wanaoitwa wasioguswa, ambao kivuli chao tu kilihesabiwa uchafu. Hawakuruhusiwa hekaluni, wala kisimani. Maharaja yule akatoa amri kwamba watoto wao waingie shule kama wengine. Amri ilipofika kijijini, mwalimu wa shule aliipokea kwa mikono miwili, akaibusu, akawakalisha watoto wale nje barazani, kwenye jua. Vibao vyao alivisahihisha kwa mbali, akivisukuma kwa fimbo. Siku moja Maharaja akafika bila kutangaza, na farasi wake na vumbi lake. Akatazama ndani, akatazama barazani. Akamwashiria mtoto mmoja wa barazani, wa miaka minane, akamwambia, "Nina kiu. Niletee maji." Chungu kilikuwa ndani. Mtoto yule hakuwahi kugusa chungu cha watu maisha yake yote. "Alisimama," Mwalimu akasema. "Aliniambia miguu ilikataa. Halafu akaingia, akateka, akaleta, maji yanamwagika njia nzima. Maharaja akanywa yote, mbele ya wazee wa kijiji. Mtoto yule alikuwa baba yangu."

Nilipiga makofi, nikidhani hadithi imekwisha. Mwalimu akatikisa kichwa. "Maharaja alikunywa, lakini Maharaja aliondoka. Vumbi la farasi halijatua, wakakivunja kile chungu." Habari zikamfikia, akatuma chungu kingine kutoka ikulu na amri ya pili. Wakakivunja. Akatuma kingine. Baba yake alihesabu saba. Cha nane hakikuvunjwa. Nikamuuliza kama wazee wale walibadilika moyo. "Hapana, binti. Walichoka tu. Wakati mwingine hilo linatosha." Baadaye Maharaja akajenga bweni mjini kwa watoto wale, akawapa nguo na vitabu, na baba yake Mwalimu akatokea huko akiwa karani, na Mwalimu akatokea kwa karani yule. Nimemfikiria sana Maharaja tangu siku ile. Alikuwa mfalme, alikalia dhahabu ambayo haikutoka mfukoni mwake, na sidhani kama ningempenda kama bwana wangu. Lakini wafalme wengi hutoa amri moja na kwenda kulala, na yule alituma chungu cha nane.

Hakuniambia kwamba ni siri. Nasema hivyo ili kujitetea, ingawa utetezi wenyewe ni dhaifu. Aliniambia kwa Kiswahili, mimi msichana wa Taita, mtu aliyekuwa nje kabisa ya mambo yale. Kwangu mimi ilikuwa hadithi ya sifa. Kwetu, askofu akinywa maji ya nyumbani kwenu, ukoo mzima utasimuliwa hadi kiama. Ikafika Diwali, sikukuu yao ya taa. Mama Kanta alipika siku mbili, akawaalika majirani, na miongoni mwao Bibi Savita wa Kings Heath, mwanamke mwenye mkoba mkubwa na neno la mwisho juu ya kila jambo, ambaye watoto wake watatu walikuwa darasani. Tulikaa kwenye mazulia chumba cha mbele, Mwalimu katikati yetu na kikombe chake cha stili, mimi pembeni na changu cha bati. Bibi Savita akamsifu Mwalimu, jinsi watoto wanavyosoma, jinsi anavyojua vitabu. "Lazima hii Masterji iko Brahmin," akasema, akicheka, neno ambalo baadaye nilijua ni tabaka la juu kuliko yote. Mwalimu alitabasamu, akatazama sahani yake. Nami, mpumbavu, nikaona hapewi haki yake. Nikasema kwa sauti ya kutosha chumba kizima, "Zaidi ya hapo! Baba yake alimpelekea Maharaja maji!" Nikawasimulia yote, baraza, fimbo, chungu, bweni. Nilisimulia vizuri pia, nilitia na sauti ya farasi. Wote walitoka Afrika Mashariki na wote walielewa Kiswahili changu hadi nukta ya mwisho.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijua msemo huo tangu utotoni bila kujua unauma wapi. Bibi Savita aliweka chini andazi alilokuwa analila. Mwanamke mwingine akamvuta mtoto wake karibu, kidogo tu, kama mtu anayemwondoa kwenye upepo. Mama Kanta alinitazama, akamtazama Mwalimu, na usoni mwake niliona kwamba ameelewa kitu ambacho mimi sijakielewa. Mwalimu akasimama, akashukuru kwa chakula, akapanda juu polepole. Asubuhi iliyofuata niliposhuka kwenda zamu, dirishani juu ya sinki kulikuwa na vikombe viwili vya bati. Cha pili kilikuwa na ufa mdogo kwenye ukingo. Jumamosi, saa nne, Mwalimu alipanga vibao kumi na vinne kwenye chumba cha mbele, akavaa koti lake la chaki, akangoja, asije mtoto hata mmoja. Hata Hansa, aliyeishi humo humo ndani, alizuiwa. Alikaa kwenye ngazi na mwanasesere wake, akitazama mlango uliofungwa.

Nilikwenda kumwomba radhi nikilia machozi ya kweli. Mwalimu alikuwa akikunja mashati. Mwanafunzi wake wa zamani alikuwa amemtafutia chumba Leicester, na angeondoka Jumamosi ya pili ya Desemba. Fikiria mzee wa miaka sitini na mitatu, anafunga sanduku kwenda kutafuta watu wasiomjua, na aliyemfukuza ni ulimi wangu. Nikasema sitajisamehe. "Usinililie mimi," akasema. "Keti nikwambie. Kule Kisumu nilikuwa na boi, Ouma. Alinipikia miaka kumi na miwili. Kikombe chake kilikaa nje, dirishani. Mke wangu hakukiweka pale. Nilikiweka mimi." Akaketi kitandani chini ya Maharaja wake. "Baba yangu alipeleka yale maji, binti. Na mimi, mwanawe, nikanunua kikombe cha bati. Sikuona kitu. Nimekiona juzi, kilipowekwa changu." Nyani haoni kundule, nilitaka kumwambia, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilitoka bila kuaga. Siku mbili sikumsalimu. Nilimwonea huruma na nilitaka kumpiga, vyote kwa pamoja, na sikujua kwamba moyo mmoja unaweza kubeba hayo mawili na bado mtu akaenda kazini na kupima watu joto.

Siku ya tatu nikafanya jambo la kitoto. Kabla ya zamu nikaviosha vile vikombe viwili vya bati, nikavipanga rafuni katikati ya vya stili. Jioni niliporudi vilikuwa dirishani. Asubuhi nikavirudisha rafuni. Jioni, dirishani. Mama Kanta hakuniuliza, nami sikumweleza. Tuliongea habari za theluji, za bei ya bamia, za mguu wake uliovimba, na wakati huo huo tulikuwa vitani, mimi na mama aliyenipa blanketi lake. Nilihesabu kama yule mtoto wa barazani. Nilipofika saba nikamwombea achoke. Hakuchoka. Na Jumamosi, kwa kuwa vibao vilikuwa vimepangwa na hakuna aliyekuja, nikaingia mimi, nikakaa sakafuni na sare yangu ya uuguzi. "Unataka nini?" Mwalimu akauliza. "Kusoma," nikasema. Alinifundisha kama anavyofundisha mtoto wa miaka sita, kwa ukali, na nikaimba herufi peke yangu kwa sauti ambayo nyumba nzima iliisikia. Nje kwenye ngazi, sauti ndogo ilinifuatisha. Katika Jumamosi tatu na jioni zote nilizokuwa huru, nilijua herufi zote, ingawa sikujua neno moja lina maana gani.

Wakati huo barua ya Jamna ilikuwa imefika. Mama aliiweka chini ya sanamu ya mungu wake jikoni, haijafunguliwa. Wiki ya kwanza nilidhani amesahau. Wiki ya pili nikaona kwamba kila akipita anaigusa. Alimpa Bharat, Bharat akaigeuza geuza, akasema macho yanamuuma. Kumpelekea jirani ilikuwa kumtangazia Bibi Savita kwamba Masterji amekatazwa kwake pia. Kumpa Mwalimu hakuweza. Wiki ya tatu, Jumatano mchana, tukiwa wawili tu jikoni, akaivuta ile barua na kuiweka mbele yangu. "Wewe nasoma kila siku huko ndani," akasema, bila kunitazama. "Soma." Nikafungua. Nikatia kidole chini ya mstari. "Be… na… Ka… nta…" "Ndiyo, hiyo iko mimi. Endelea." Nikaendelea, silabi moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Mimi nilitoa sauti nisizozielewa, na yeye akazielewa kutoka mdomoni mwangu. Mara akatabasamu, mara akasema "ah, ng'ombe," mara akanyamaza. Halafu nikafika neno ambalo herufi zake mbili zilishikana, nikakwama, nikarudia mara tatu hadi likatoka, na hilo peke yake nikalielewa, kwa kuwa lilikuwa la kazi yangu: hospitali. Mkono wa Mama ulinikamata kiganja. "Haraka," akasema. Lakini mimi sikuwa na haraka, nilikuwa na herufi tu, na mstari uliofuata ulikuwa umeandikwa kwa mkono unaotetemeka.

Mama Kanta akainuka, akaenda hadi chini ya ngazi, akaita, "Masterji!" Sijawahi kusikia jina likiitwa hivyo tena. Mwalimu alishuka na soksi. Mama akamtilia barua mkononi, kiganja chake juu ya kiganja cha Mwalimu, akasimama kungoja. Jamna alikuwa mgonjwa tumboni, anapelekwa mjini kupasuliwa, anaogopa. Alitaka dada yake amwandikie maneno mawili kabla ya kisu, amwambie kwamba yule mbuzi wa utotoni alipotea kweli, hakuuzwa, kwa maana ni jambo ambalo hawajawahi kulimaliza. Mwalimu alisoma mara moja. Alipoanza mara ya pili, Mama alimzuia. Bharat alikimbilia posta kupeleka simu ya maandishi. Jibu lilifika siku mbili baadaye. Jamna alikuwa amefariki wiki iliyotangulia, na barua ya dada yake haikufika, kwa sababu haikuandikwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama hakumlaumu mtu. Aliketi sakafuni, akafunika kichwa, akalia kwa sauti nene ambayo sikuijua.

Jumamosi ikawa matanga. Wanawake walikaa kwenye shuka jeupe chumba cha mbele, Bibi Savita karibu kabisa na Mama, akimfuta uso. Mimi nilikuwa karibu na mlango. Siku ile ndiyo Mwalimu alikuwa anaondoka. Nilisikia sanduku likigonga kila ngazi hadi chini. Akasimama mlangoni na koti lake, kofia mkononi, asiingie, akasema maneno ya pole kwa Kigujarati. Mama Kanta aliinua kichwa. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kulia. Nikaona anahitaji kitu, nikainuka. "Wewe kaa," akaniambia. Halafu akamtazama Mwalimu, akasema kwa Kiswahili, kile Kiswahili nilichokitumia mimi usiku ule wa Diwali, ili pasiwe na mtu wa kudai hakuelewa: "Masterji, mimi naona kiu. Leta maji." Hapakuwa na mtu chumbani asiyeijua hadithi ile. Mimi ndiye niliyewasimulia, na farasi wake. Mwalimu alisimama. Nilimwona mtoto wa miaka minane, miguu imemkatalia. Kisha akaweka kofia juu ya sanduku, akaenda jikoni. Tulisikia bomba likifunguliwa. Tulisikia hatua zake zikisimama mbele ya rafu, halafu zikienda dirishani. Alirudi na maji ndani ya kile kikombe cha bati chenye ufa, kwa kuwa ndicho pekee mikono yake ilichojiruhusu, na maji yalikuwa yamemwagika kidogo kwenye koti. Mama Kanta alikitazama kikombe. Alikijua; yeye ndiye aliyekiweka dirishani. Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa hadi tone la mwisho. Bibi Savita akatafuta mkoba wake, akainuka, na wanawake wawili wakainuka naye. Mama hakugeuka. "Funga mlango," aliwaambia. "Baridi iko."

Mwalimu alirudisha sanduku juu. Wiki iliyofuata darasani tulikuwa wanne: mimi, Hansa, na ndugu wawili wa mtaa wa nyuma. Watoto wa Bibi Savita hawakurudi kamwe, na wengine kadhaa. Mwaka uliofuata Wahindi wa Uganda wakafika Birmingham na masanduku yao, watu waliokwisha kufukuzwa na hawakuwa na hamu ya kumfukuza mtu, na chumba cha mbele kikajaa hadi kwenye ngazi. Mwalimu aliishi nyumba ile miaka kumi na mmoja zaidi, na alipokufa alimwachia Mama vitabu vyake na yule mtu mnene. Hayo nilimweleza Hansa pale sakafuni, chai ikipoa. Alisikiliza kwa makini, halafu akauliza, kama daktari, kama nilimsamehe nyanya yake. Nikamwambia ukweli, kwamba hakuwahi kuniomba msamaha hata siku moja, na kwamba nilichopata badala yake ni asubuhi moja baada ya matanga. Nilishuka jikoni kwenda zamu, nje bado giza la Desemba, nikanyoosha mkono dirishani kama nilivyozoea. Dirisha lilikuwa tupu. Mama Kanta alikuwa mbele ya jiko, mgongo kwangu. Mezani alikuwa amemimina chai mbili ndani ya vikombe vya stili, kimoja changu, kimoja cha Mwalimu. Ya tatu ilikuwa ndani ya kile cha bati chenye ufa. Nilidhani amekosea, nikakishika. Alinipiga kofi dogo mkononi.

"Wacha hiyo," akasema. "Hiyo sasa iko yangu."